Breki za seli T zikiachiwa: dalili moja moja, chanzo chake, na wapi uache kujitibu

Maswali kuhusu hizi dawa za kansa za kuamsha kinga, zinazoachia breki za seli T (chembe nyeupe za kinga), yanajirudia sana. Ameanza kuharisha, ni dawa au ni alichokula? Amechoka hadi kuoga anashindwa, ni kansa yenyewe au kuna kingine? Na hiki kikohozi kimetoka wapi wakati dripu ya mwisho ilikuwa miezi 2 iliyopita? Nimeyapanga hapa kwa dalili, kila moja na vyanzo vyake kuanzia kile kinachoonekana sana, halafu cha kuangalia mwenyewe nyumbani, halafu kinachofuata hospitali. Kuna na sehemu ya watu ambao hizo dawa hawajawahi kuzigusa ila wamezaliwa na breki pungufu, maana hao wanasahaulika mno.

Kitu kimoja ukishike kabla hujaendelea: karibu kila dalili hapa ina watuhumiwa wawili, breki iliyoachiwa na maambukizi ya kawaida, na tiba zao zinapingana. Mmoja anatibiwa kwa kushusha kinga, mwingine kwa kuua vijidudu huku kinga ikisaidia. Kwa hiyo kazi yako nyumbani ni kukusanya taarifa na kuwahi, kukisia waachie wenye vipimo.

Kabla ya dalili: breki ipi imeachiwa?

Kila mtu, mimi na wewe, ana seli T zinazoweza kushambulia mwili wake. Zinapokomaa kwenye tezi ya thaimasi kifuani, zile kali zaidi dhidi ya mwili huuawa, lakini uchujaji ule haukamiliki, nyingine zinapita na zinazunguka kwenye damu maisha yote. Kinachozituliza huko nje ni seli T dhibiti pamoja na vipokezi vya kuzuia vilivyo juu ya seli T zenyewe, ndio hizo breki. Huo utulivu ndio unaitwa uvumilivu wa kinga.

Breki ya kwanza, CTLA-4, inafanya kazi mwanzoni kabisa, pale seli T inapoamshwa. Ili iamke inahitaji ishara 2, kipokezi chake kishike antijeni (kipande ambacho kinga inakitambua), na kipokezi kingine kinachoitwa CD28 kishike CD80 au CD86 kwenye seli inayoonyesha ile antijeni. Sasa CTLA-4 nayo inashika CD80 na CD86 hizo hizo, tena kwa nguvu kuliko CD28, na haiishii kuzishika, inazing'oa kutoka kwenye uso wa seli jirani, inazivuta ndani ya seli yake na zinasagwa humo. Kwa darubini unaona kabisa seli dhibiti imeachana na jirani yake ikiwa na vipande vyake ndani, na yule jirani kabaki mtupu, hawezi tena kuamsha seli T nyingine.

Breki ya pili, PD-1, inakuja baadaye, kwenye tishu. Inajitokeza juu ya seli T ambayo imeshaamka, na tishu ikianza kushambuliwa inaweka protini ya PD-L1 juu ya seli zake. Hizi mbili zikikutana, PD-1 inaita kimeng'enya SHP-2 ambacho kinafuta alama za fosfeti kwenye CD28 na kwenye njia ya kipokezi cha antijeni, yani ishara inazimwa pale pale inapoanzia. Kansa nyingi zimejifunza kuvaa PD-L1 ili zipone kwa njia hiyo hiyo. James Allison alifanyia kazi CTLA-4, Tasuku Honjo PD-1, na Nobel ya 2018 waligawana.

Tofauti ya breki hizi mbili ilionekana kwa panya zamani. Panya wasio na CTLA-4, walioelezwa 1995, wanakufa ndani ya wiki 3 hadi 4 viungo vyao vikiwa vimejaa seli T. Wasio na PD-1 wanaugua taratibu na kwa kuchagua, ukoo mmoja wa panya unapata kitu kama lupasi, mwingine moyo unatanuka na kushindwa kazi. Kwa binadamu nako inaonekana: kuziba CTLA-4 kunasumbua zaidi utumbo na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo na mara nyingi kwa ukali, kuziba PD-1 kunaegemea zaidi mapafu na tezi ya thairoidi iliyo shingoni.

Kwa hiyo tafuta karatasi ya matibabu usome jina. Ipilimumab inaziba CTLA-4. Nivolumab na pembrolizumab zinaziba PD-1. Atezolizumab, durvalumab na avelumab zinaziba PD-L1. Relatlimab inaziba breki nyingine, LAG-3, na inatolewa pamoja na nivolumab. Kama umeandikiwa ipilimumab na nivolumab kwa pamoja basi ukae macho zaidi, kwenye jaribio kubwa la kansa ya ngozi aina ya melanoma zaidi ya nusu ya waliopewa mchanganyiko huo walipata madhara makali.

Mengine matatu ya haraka. Moja, kalenda haisaidii sana: mengi yanaanza ndani ya miezi 3 ya kwanza, lakini dalili inaweza kuja hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu dawa inabaki imeng'ang'ania PD-1 juu ya seli T kwa zaidi ya miezi 2, na seli zilizoshaamka hazilali kwa kuwa dripu imeisha. Mbili, hii sio kemo. Ukifika mapokezi ya dharura ukasema tu "yuko kwenye dawa ya kansa" watafikiria kemo, watapima chembe nyeupe, watazikuta ziko sawa, watakupa antibiotiki na kukurudisha nyumbani. Sema "imunotherapi, inayoziba PD-1" au chochote kile ulichonacho, kama una kadi yake toa kadi. Tatu, zile steroidi (dawa za kushusha kinga kama prednisoloni) zilizobaki kabatini za mgonjwa wa mwaka jana usizianze mwenyewe, zinaficha maambukizi na zinaharibu vipimo vya homoni ambavyo daktari atavihitaji.

Dalili: ngozi inawasha, upele

Hii ndio inayokuja sana na mara nyingi ya kwanza kutokea, na kwa bahati nzuri nyingi ni nyepesi. Chanzo kikubwa ni dawa yenyewe, halafu aleji ya dawa nyingine uliyoanza karibuni hasa antibiotiki, halafu mambo ya kawaida tu kama fangasi au upele wa kuambukizana. Mwenye melanoma anaweza kuona mabaka meupe, seli T zinashambulia seli za rangi, hayo hayaumi.

Angalia ukubwa. Kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yako. Chini ya viganja 10 na haikunyimi usingizi, piga simu kliniki, mafuta ya kulainisha ngozi, watakupa krimu ya steroidi na kidonge cha kuzuia kuwashwa, mara nyingi matibabu ya kansa yanaendelea. Zaidi ya viganja 30 dozi inayofuata inasimamishwa.

Acha kila kitu uende hospitali sasa hivi: malengelenge, ngozi inabanduka, vidonda mdomoni au machoni au sehemu za siri, au upele wenye homa na ngozi inayouma badala ya kuwasha.

Dalili: kuharisha

Hapa ndipo watu wanachelewa zaidi, maana kuharisha kila mtu amewahi kuharisha na hakuna anayeona ni jambo la kwenda kusumbua daktari. Vyanzo kwa mpangilio:

1. Maambukizi ya tumbo, bakteria, virusi au vimelea. Kama umetoka kutumia antibiotiki kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile anayependa sana nafasi hiyo.
2. Kolaitisi ya dawa, yani utumbo mpana unashambuliwa na seli T, unavimba na kuchubuka kwa ndani. Kwa aliye kwenye ipilimumab iweke hii namba 1.
3. Dawa nyingine: metformini, dawa za kulainisha choo, baadhi ya vidonge vya kansa.
4. Kongosho limeguswa, chakula hakisagwi, choo kinaelea na kina mafuta. Hii ni nadra.

Kwa nini utumbo? Kwa sababu pale ndani kuna matrilioni ya bakteria na protini za chakula kila siku, na kinga inatakiwa iviache, na anayeiambia iviache ni seli T dhibiti zenye CTLA-4 nyingi. Ukiiziba CTLA-4 umegusa mahali ambapo uvumilivu unafanya kazi saa 24.

Cha kufanya nyumbani ni kuhesabu. Usihesabu tu umeenda mara ngapi, hesabu umezidisha mara ngapi juu ya kawaida yako kabla ya matibabu, maana daktari anapanga ukali kwa hiyo tofauti. Aliyekuwa anaenda mara 1 kwa siku sasa anaenda 4, amezidisha 3, bado ni ngazi ya kwanza. Kuzidisha 4 hadi 6 ni ngazi ya pili. Kuzidisha 7 na kuendelea ni kali. Andika pia kama unaamka usiku kwa ajili ya choo, kama kuna damu au kamasi, kama tumbo linakata, na kama kuna mwingine pale nyumbani anaumwa vile vile, hilo la mwisho ni dogo lakini linasaidia sana kuelekeza kwenye maambukizi.

Loperamaidi, kile kidonge cha kufunga choo, ndio kishawishi kikubwa. Mtu anakimeza, choo kinapungua, anaridhika, huku utumbo unaendelea kuharibika chini kwa chini na hesabu yote imepotea. Usimeze kabla hujaongea na kliniki yako.

Hospitali watapima choo kutafuta vijidudu, damu kuangalia figo, ini na chumvi za mwili, na kama inaendelea watapitisha kamera kwenye utumbo na kukata kinyama kidogo. Kinyama muhimu, kwa sababu mara nyingine utumbo unaonekana mzuri kwa macho ila kwenye maabara unakutwa umejaa seli za kinga. Ikithibitika, dozi ya kansa inasimamishwa na steroidi zinaanza, kwa ngazi kali miligramu 1 hadi 2 kwa kilo ya mwili kwa siku. Siku 3 mpaka 5 zikipita bila nafuu hawasubiri, wanaongeza dawa nyingine ya kutuliza kinga, infliximab au vedolizumab, na infliximab inataka upimwe kwanza kifua kikuu na homa ya ini B kwa sababu inaweza kuviamsha vilivyolala. Wakikwambia wanapima hivyo mapema, siku ya kwanza, ujue wanajua kazi yao.

Usibaki nyumbani: choo kimezidi kawaida yako kwa mara 7 au zaidi, damu, tumbo gumu linalouma hata likiguswa kidogo, homa, kizunguzungu ukisimama, au huwezi kubakiza maji tumboni. Utumbo unaweza kutoboka, na aliye kwenye steroidi anaweza kutoboka bila maumivu makubwa ya kumshtua mtu.

Dalili: kikohozi, pumzi fupi

Mpangilio: maambukizi ya kifua, kansa yenyewe kusogea kama ipo mapafuni, nimonaitisi ya dawa, bonge la damu kwenye mapafu (kansa inaongeza sana mabonge), halafu moyo. Nimonaitisi ni mapafu kushambuliwa na seli T bila kijidudu chochote, na inawapata zaidi walio kwenye dawa za PD-1, na zaidi tena waliopigwa mionzi ya kifua.

Kipimo rahisi ni kujilinganisha na wewe mwenyewe wa wiki 2 zilizopita. Ngazi zile zile unazopanda, kitanda hadi choo kile kile, sasa unasimama katikati? Kama una kipima oksijeni cha kidole pima ukiwa umekaa, halafu tembea dakika moja upime tena, vidole viwe na joto na kucha zisiwe na rangi. Inayokaa sawa ukiwa umekaa ila inaporomoka ukitembea ndio inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu mgonjwa aliyekaa kwenye kiti anaonekana mzima kabisa.

Eksirei ya kawaida inaweza kutoonyesha kitu, CT skani ndio inaona. Na watapima makohozi kutafuta kifua kikuu, hilo usilione kama usumbufu. Watu wanadhani kuachia breki maana yake kinga imekuwa bora dhidi ya kila kitu, hapana. Panya wasio na PD-1 wakiambukizwa kifua kikuu wanakufa haraka kuliko wenye nayo, seli T zinawaka kupita kiasi na mapafu yanaungua. Mtoto mmoja aliyezaliwa bila PD-1 inayofanya kazi, taarifa zake zilitoka 2021, alikuwa na kifua kikuu na papo hapo kisukari cha kinga kushambulia kongosho. Na wapo wagonjwa wa kansa ambao kifua kikuu kimeamka wakiwa kwenye dawa hizi. Breki ilikuwa inalinda mapafu dhidi ya kinga yenyewe.

Nenda leo leo: pumzi inakata ukiwa umekaa, kifua kinabana, oksijeni imeshuka kuliko kawaida yako, midomo inabadilika rangi, unakohoa damu. Usiku huo huo, asubuhi ni mbali.

Dalili: uchovu usioeleweka, kichwa, kusikia baridi, kiu

Uchovu ni mgumu kwa sababu kila mgonjwa wa kansa amechoka. Vyanzo vya kawaida ni kansa yenyewe, upungufu wa damu, usingizi, msongo. Ila homoni zinajificha humo humo na zikipatikana tiba yake ni rahisi kuliko zote, ndio maana inauma mtu akiambiwa "ni uchovu tu" miezi na miezi.

Thairoidi inaongoza. Mara nyingi inaanza kwa kuvuja homoni, moyo unakimbia, jasho, kutetemeka, halafu wiki chache baadaye imeisha nguvu na unageuka: baridi, choo kigumu, uzito, sauti nzito, akili imezubaa. Aliyepimwa katikati ya safari hiyo anaweza kuambiwa yuko sawa, kwa hiyo kipimo kimoja kisikutulize, waombe kirudiwe.

Pituitari inafuata, hasa kwa ipilimumab. Seli za tezi hii zenyewe zina CTLA-4 juu yake, dawa inazishika moja kwa moja. Dalili yake ni kichwa kipya kisichofanana na vichwa vyako vya kawaida, uchovu mzito, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo nazo zinaweza kushambuliwa lakini ni mara chache.

Mwisho kisukari, kama mtu 1 kati ya 100 au chini ya hapo, ila kinakuja kwa kasi, wiki chache tu kutoka sukari nzuri hadi kongosho halitoi insulini kabisa. Kiu, mkojo mwingi, uzito unashuka.

Nyumbani unaweza kupima presha ukiwa umelala na tena ukisimama, na sukari kwa kutoboa kidole. Maabara: TSH (homoni ya pituitari inayoiamrisha thairoidi), T4 (homoni ya thairoidi), kotisoli ya asubuhi (homoni ya adrenali), sodiamu, sukari. Hapa kuna mtego ambao hata wahudumu wenye haraka wanaingia. TSH ikiwa chini na T4 ikiwa chini kwa pamoja, tatizo linaweza kuwa pituitari, sio thairoidi, na kama kotisoli nayo haipo halafu ukaanza vidonge vya thairoidi kwanza, mwili unachoma kile kidogo cha kotisoli kilichobaki na mgonjwa anaanguka. Kotisoli inarudishwa kwanza. Uliza tu kwa heshima, "daktari, kotisoli imepimwa?" Hilo swali halimkwazi mtu.

Seli za tezi zikishaharibiwa hazirudi mara nyingi, kwa hiyo utameza au kujidunga homoni maisha yote, lakini habari njema ni kwamba matibabu ya kansa kwa kawaida yanaendelea.

Dharura: kutapika na presha kushuka, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika, kiu kali yenye kutapika na kuhema kwa kina, kichwa kikali chenye macho kuona vibaya.

Dalili: kope zinashuka, misuli dhaifu, moyo unaenda ovyo

Hapa hakuna cha kuangalia nyumbani. Kope inashuka jioni, unaona vitu viwili viwili, kumeza kunasumbua, huwezi kunyanyua mikono kuchana nywele, kifua kinauma, miguu imevimba ghafla: nenda. Moyo kushambuliwa na seli T unawapata chini ya mtu 1 kati ya 100, ila kati ya wanaoupata wapo wengi wanaokufa, na mara nyingi unakuja mapema, wiki za mwanzo mwanzo. Unapenda kuja na wenzake, misuli ya mwili na mayasthenia (kinga kushambulia pale neva inapoamrisha misuli), ndio maana kope iliyoshuka inatakiwa ipimwe moyo pia: troponini (kipimo cha damu cha moyo), ECG (umeme wa moyo), na CK (kipimo cha damu) ya misuli. Wakikupima jicho peke yake wakakupa miadi ya mwezi ujao, rudi ukaseme uko kwenye dawa gani.

Dalili: hakuna, ila vipimo vya ini vimepanda

Ndio maana unatolewa damu kabla ya kila dripu. Angalia kwanza vitu vya kawaida: panado nyingi, pombe, dawa za mitishamba (ziseme zote, hakuna anayekugombeza), homa ya ini B au C, kansa iliyofika kwenye ini. Ikibaki dawa, ni steroidi, na zikigoma wanaongeza mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, infliximab hapa inaepukwa kwa sababu nayo inaweza kuumiza ini. Macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, usisubiri tarehe ya kliniki.

Tatizo la upande wa pili: breki imeachiwa lakini uvimbe unakua

1. Seli T hazikuwepo kwenye uvimbe tangu mwanzo. Kuachia breki kwenye gari tupu hakulipeleki popote. Kuwa na PD-L1 nyingi kwenye kipimo kunasaidia kubashiri, hakuhakikishi, na wapo wenye PD-L1 sifuri waliopona vizuri.
2. Seli T zipo ila zimechoka kupita kiasi. Seli inayopigwa na antijeni ile ile miezi na miezi inajaza breki za PD-1, LAG-3, TIM-3 na TIGIT kwa pamoja, na protini inayoitwa TOX inafunga jeni zake kwenye hali hiyo. Zinazoitika dawa ya PD-1 ni kundi dogo lenye protini ya TCF1 ambalo bado linaweza kuzaliana. Zile zilizofika mwisho hata ukiziachia breki zote hazirudi.
3. Kansa imejificha, imepoteza protini ya beta-2 mikroglobulini ili isionyeshe antijeni, au imeharibu jeni za JAK1 au JAK2 ili isisikie interferoni, ishara ya kinga.
4. Skani inadanganya, uvimbe umeongezeka kwa sababu umejaa seli za kinga. Hii ipo ila ni ya wachache, na mimi sipendi inavyotumika kumpa mtu matumaini. Kama mwili unazidi kuwa dhaifu na maumivu yanaongezeka, chukulia kansa inakua mpaka ithibitike vingine.

Kuongeza breki nyingine ya kuachia hakufanyi kazi kila mara. LAG-3 imefaulu kwenye melanoma na ikaruhusiwa Marekani 2022, lakini TIGIT kwenye majaribio makubwa ya kansa ya mapafu imevunja watu moyo.

Sijawahi kupewa dawa hizi ila dalili ni hizo hizo

Mtu ameharisha tangu utotoni, chembe za damu zinashuka mara kwa mara, mitoki na bandama vimevimba, kifua kinaambukizwa kila mara, na kuna shangazi au kaka ana kitu kinachofanana. Wengi wamezunguka kliniki ya tumbo, ya damu, ya mapafu, kila moja ikitibu kipande chake. Mwaka 2014 zilielezwa familia ambazo nakala moja kati ya 2 za jeni ya CTLA-4 imeharibika, na nusu ya breki haitoshi. Kuna na jeni nyingine, LRBA, kazi yake ni kuokoa CTLA-4 isisagwe ndani ya seli, nakala zake zote 2 zikiharibika matokeo yanakaribiana na mara nyingi yanaanza mapema zaidi.

Rahisi kwanza: chora ukoo, andika nani anaumwa nini, pima viwango vya kingamwili kwenye damu. Halafu kipimo cha jeni. Usishangae baba akikutwa nayo na hajaumwa hata siku moja, sio kila mwenye mabadiliko ya CTLA-4 anaugua. Ikithibitika kuna abatacept, ambayo ni kipande cha nje cha CTLA-4 kilichounganishwa na mkia wa kingamwili, kinashika CD80 na CD86 kama breki ya asili. Ilitengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi na imeruhusiwa Marekani tangu 2005. Wengine wanahitaji kupandikizwa uboho. Hii yote ni ya daktari wa kinga, sio ya kujaribu jaribu.

Steroidi zimeanza, dalili zikarudi

Chanzo cha kwanza, dozi imeshushwa haraka mno. Kushusha kunachukua wiki 4 hadi 6 au zaidi, na watu wakijisikia vizuri siku ya 5 wanakata wenyewe. Chanzo cha pili, maambukizi yaliyoingia kwa kuwa sasa kinga imeshushwa, kwa hiyo vipimo vya vijidudu vinarudiwa, visidharauliwe eti vilishafanyika. Chanzo cha tatu, ugonjwa unakataa steroidi na unahitaji dawa ya pili. Aliye kwenye prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa wiki 4 na kuendelea aulize kuhusu dawa ya kuzuia nimonia ya pneumocystis, na apime sukari.

Usiache steroidi ghafla hata kama zimeisha usiku, piga simu. Adrenali zako zimelala na zinahitaji muda kuamka.

Na lile swali la kama dawa ya kansa itarudishwa: ngozi na thairoidi kwa kawaida ndiyo, utumbo inategemea ukali na ilikuwa breki ipi, mara nyingi wanarudisha PD-1 peke yake na kuacha CTLA-4. Moyo hapana, mayasthenia kali hapana, mapafu yaliyofika ngazi kali hapana. Wengi waliosimamishiwa dawa kwa sababu ya madhara kansa yao imeendelea kutulia miezi na miaka bila dripu nyingine, kwa hiyo usifiche dalili kwa kuogopa kunyimwa dozi.